Bi Pekua na Sungura wa Wifi

Kwa miaka mingi kuliko alivyopenda kuihesabu, kazi yake ilikuwa kutia mkono ndani ya mikoba ya wanawake wenzake. Alikaa kwenye kibanda cha mabati kando ya geti la kiwanda cha nguo, na kila zamu ilipotoka wafanyakazi walipita mbele yake mmoja mmoja: mkoba mezani, mikono pembeni, geuka, haya nenda. Walimwita Bi Pekua. Mwanzoni walimwita hivyo kisogoni, baadaye wakamwita machoni, na mwishowe hata mumewe akawa anamwita hivyo siku akiwa na furaha.

Aliwahi kukuta zipu ndani ya mkate. Aliwahi kukuta rili ya uzi katikati ya nywele zilizofungwa kitambaa, na lesi ndefu imezungushwa kwenye tumbo la mama aliyekuwa akipita na mimba mwaka mzima bila kuzaa. Kazi ile ilimfundisha mambo ambayo hayakumtoka tena: kwamba mwizi huutazama mkoba wake, na asiye na kosa hukutazama wewe, kwamba anayekusalimia sana ana lake jambo, na kwamba machozi si ushahidi wa chochote. Alistaafu, mume akafariki, binti yao wa pekee akaolewa mji mwingine, lakini macho yake hayakustaafu. Akienda dukani aliangalia vidole vya muuzaji. Akipewa pole, alijiuliza kinatafutwa nini.

Sungura waliingia maishani mwake kwa bahati. Jirani aliyekuwa akihama alimwachia watatu, majike watupu, wa tumbo moja, wadogo kiasi cha kuenea kwenye kofia. Alisema atawatafutia mtu. Hakuwatafutia. Alimwita seremala, akamsimamia kama askari mpaka banda likasimama uani: refu, la mbao na wavu wa waya, nyasi kavu chini, na mlango wenye makomeo mawili. Yule mkubwa, wa rangi ya majivu, mwenye ngozi iliyoning'inia chini ya kidevu kama shingo ya tajiri, alimwita Meneja, maana alitembea bandani kama meneja wa kiwanda, akinusa kazi za watu. Mweupe akawa Pamba. Wa madoadoa akawa Viraka. Jua likipoa alivuta kigoda akawatazama walivyolala wameegemeana, pua zinachezacheza.

"Sungura hana mkoba," alipenda kumwambia bintiye kwenye simu. "Alichonacho chote unakiona."

Kisha akaja wifi.

Alikuwa dada mkubwa wa marehemu mumewe, msusi wa maisha yake yote, mwanamke mrefu mwenye vidole vyembamba na maneno machache. Jengo alilopanga lilikuwa limeuzwa kwa mtu aliyetaka kulibomoa, na goti lake lilikuwa limegoma kusimama saluni kutwa. Binti ndiye aliyepiga simu.

"Mama, shangazi hana pa kwenda."

"Kwako je?"

"Mama! Unajua chumba chetu kilivyo. Wewe una nyumba nzima, unaishi na sungura."

Bi Pekua alikubali, maana nani angekataa asionekane mchawi? Lakini hakuwa amesahau. Kabla ya harusi yake, wifi huyohuyo alimwambia kaka yake mbele ya watu, "Huyo atakupekua mpaka moyoni." Watu walicheka. Bi harusi naye alicheka. Tangu hapo wawili hao walikuwa wakikutana misibani na harusini, wakaulizana afya, wakaagana. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Hivi viwili vilikuwa vimekaa kabati tofauti, ndiyo maana kimoja hakikuwa kimepasuka.

Wifi alifika na masanduku mawili na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Bi Pekua aliona mara moja kwamba masanduku alimwachia dereva wa teksi, kikapu akakibeba mwenyewe.

"Humo mna nini, wifi?"

"Ni Johari." Wifi alifunua. Ndani alikuwa sungura mdogo wa kahawia, masikio yamelala mgongoni, mwili wote unatetemeka.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungekataa."

Lilikuwa jibu la kweli, na Bi Pekua hakulipenda. Mtu anayekupa ukweli mdogo mapema hivyo, aliwaza, huenda anakuficha mkubwa.

"Jike?"

"Jike."

"Basi ataingia bandani na wenzake."

Wifi alisita. "Si tungewaacha wazoeane kwanza? Waonane kwa mbali hata siku chache. Wale hawamjui, na yeye hawajui."

"Wifi, banda lile ni kubwa kuliko chumba changu cha kulala. Wote majike, wote sungura. Au huyu wako ni wa daraja la juu, hafai kukaa na wangu?"

Wifi akakabidhi kikapu. Johari akatiwa bandani siku ileile. Wale watatu wakamzunguka, wakamnusa mkiani na puani. Meneja alipiga mguu chini mara moja, puu, kisha akaenda zake kula majani ya karoti. Bi Pekua alitabasamu. "Unaona? Wameshaelewana."

Yaliyofuata yalianza na manyoya.

Asubuhi moja alikuta kifungu cheupe kimenasa kwenye wavu. Kesho yake akakuta kingine, kikubwa zaidi, kwenye kona ya ndani chini ya nyasi. Alimkamata Pamba, akamgeuza, akaona kifua kimebaki ngozi tupu, ya waridi, kana kwamba mtu amemnyonyoa kuku akaachia katikati. Hakukuwa na jeraha wala damu. Kazi safi ya vidole, alijisemea, kisha akajikemea kwa kuwaza upesi mno. Kwanza kulikuwa na paka.

Paka alikuwa wa kinyozi, jirani wa nyuma ya ukuta. Bi Pekua alimfuata hukohuko kibandani kwake, wateja wakiwa wamejaa kwenye benchi.

"Jirani, paka wako anaingia uani kwangu."

"Paka wangu?" Kinyozi alionyesha kwa kitana. Paka mnene wa manjano alikuwa akikoroma juu ya kiti cha mteja. "Huyu panya akipita humpisha. Sungura wako ni wakubwa kuliko yeye. Wakikutana, nitakudai wewe matibabu."

Wateja waliangua kicheko. Bi Pekua hakucheka. Aliinama, akamkagua paka kucha moja baada ya nyingine, na paka akaendelea kulala. Hakukuta hata unyoya.

"Ila," kinyozi akasema, akipuliza nywele kwenye mashine yake, "juzi nilikuwa juu ya paa napigilia bati. Nilimwona yule mgeni wako. Yuko bandani, amempakata mmoja, anamfanya sijui nini. Aliponiona akamrudisha haraka haraka."

"Anamfanya nini?"

"Nimesema sijui, mama. Mimi nilikuwa na misumari mdomoni."

Bi Pekua alirudi nyumbani taratibu, na njia nzima alikuwa akipanga. Kikulacho ki nguoni mwako. Alipofika, wifi alikuwa jikoni anamenya viazi, mgongo umenyooka. Alimsalimia kwa upole, upole wa kupita kiasi, na Bi Pekua akaitikia kwa upole zaidi, kama watu wawili wanaopokezana yai.

Tangu siku hiyo alimchunguza kama alivyowachunguza wale wa zamu ya jioni. Aligundua kwamba baada ya chakula cha mchana, yeye akijilaza, mlango wa nyuma hulia taratibu. Aligundua kwamba kopo la chumvi linapungua, na chakula chenyewe hakijazidi chumvi. Kupitia dirishani aligundua kitambaa kidogo kinaanikwa ndani ya chumba cha wifi, si kwenye kamba ya uani, wakati jua la bure lipo nje. Na siku moja, wakinywa chai, aliona rangi ya zambarau chini ya ukucha wa kidole gumba cha wifi.

"Umeshika nini, wifi?"

Wifi alikunja kidole. "Rangi ya nywele."

"Aha."

Tangu wifi aingie nyumba ile hakuwa amesuka wala kupaka rangi kichwa cha mtu yeyote. Uongo ulikuwa umetolewa mezani, mtupu, mchana kweupe, naye ndiye aliyeuona. Kwa kusema kweli alifurahi kidogo, furaha ileile ya zamani ya mkono unapogusa kitu kigumu ndani ya bitana.

Lililobaki ni sababu. Kwa nini mtu amnyonyoe sungura? Jibu alilipata alipomkuta wifi sebuleni anashona mto mdogo.

"Wa nini huo?"

"Wa kuwekea goti nikilala."

"Umejaza nini?"

"Vitambaa vya zamani."

Bi Pekua aliuchukua, akauminya kama anayesifia. Ulikuwa laini. Laini mno kwa vitambaa, aliona yeye. Alimrudishia akasema umependeza, na usingizi wa mchana huo haukuja kabisa. Alilala macho wazi, akimwona Pamba wake akipungua manyoya ili goti la mtu lipate starehe.

Wifi alipokwenda zahanati kuangaliwa goti, Bi Pekua aliingia chumbani kwake.

Hakuwa amekanyaga humo tangu mgeni aingie. Ni heshima, alikuwa akijiambia. Sasa heshima ilimsubiri mlangoni. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Alianza na mto: akafumua pindo la pembeni kwa ncha ya sindano, akatia vidole viwili, akatoa mabaki ya fulana kuukuu, mabaki ya shuka, mabaki ya soksi. Vitambaa. Akaushona tena, mishono ileile, akihisi kama mtu aliyeonewa.

Kisha akafungua sanduku, na hapo akasimama kidogo. Nguo zote zilikuwa humo. Gauni, sweta, viatu vya kutokea vimefungwa kwenye gazeti. Aligeuka akafungua kabati alilomwachia wifi tupu tangu siku ya kwanza. Viango vilikuwa vitupu vinaning'inia. Muda wote huu mwanamke yule alikuwa akichomoa nguo moja, akiivaa, akiifua, akiirudisha sandukuni, kama msafiri aliye kituoni. Chini ya sweta zilikuwapo chupa ya dawa ya zambarau ya vidonda, pamba, mkasi mdogo, na kitambaa chenye madoa ya hudhurungi. Damu iliyofuliwa haifichiki kwa mtu aliyekaa kiwandani. Kwenye kitambaa hicho palikuwa pamenata vijinyoya vya kahawia.

Bi Pekua alirudisha kila kitu. Mwenye nia ya kukaa, aliwaza, hutundika nguo. Asiyefungua sanduku anajua ipo siku atafukuzwa, na anajua ni kwa nini.

Alimpigia binti.

"Shangazi yako anawaumiza sungura wangu."

"Mama, hebu jisikie unavyosema."

"Nimeona damu."

"Umeiona wapi?"

Aliangalia ukuta. "Nimeona," alisema, akakata simu.

Kesho yake, baada ya chakula, alivaa viatu vya kutokea, akachukua kapu. "Nakwenda sokoni, wifi. Nitachelewa."

"Nenda salama."

Alitoka mbele, akazunguka kwa kinyozi, akamwomba apite kwenye kichochoro chake. Kinyozi alimtazama, akatazama kapu tupu, akampisha bila swali. Kijimlango cha nyuma cha ua alikuwa amekipaka mafuta bawaba asubuhi, kisilie.

Wifi alikuwa ndani ya banda, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, goti bovu limenyooshwa mbele. Mapajani alikuwa na sungura aliyezungushiwa taulo, na pembeni bakuli la maji, chupa ya zambarau na mkasi. Alikuwa akimwambia maneno ya chinichini, kama msusi anavyombembeleza mtoto mwenye kichwa chepesi kuumia.

"Sasa nimekukuta," alisema Bi Pekua.

Wifi hakushtuka. Alimalizia kupangusa, akaweka pamba chini. "Umechelewa," alisema. "Nilidhani utakuja mapema zaidi. Maana ulipopekua sanduku langu, ungenikunjia vizuri, wifi. Mimi sweta huikunja mikono ndani."

Bi Pekua hakurudi nyuma. Alikuwa na lake. "Unamfanya nini Pamba wangu?"

"Pamba?" Wifi aliinua kile alichokipakata. Hakuwa Pamba. Alikuwa Johari, na mgongo wake ulikuwa na alama za meno, nyingine mpya zenye damu, nyingine kuukuu zilizopakwa zambarau. Sikio moja lilikuwa limechanika pembeni. "Ninaosha vidonda kwa maji ya chumvi, napaka dawa, nakata manyoya yaliyonata damu. Basi. Hilo la manyoya meupe silijui, kweli tupu. Nimeliona kama ulivyoliona wewe."

"Nani amemuuma?"

"Unamjua."

"Simjui."

"Ni Meneja."

"Meneja?" Bi Pekua alicheka, kicheko kikavu. "Meneja nimemlea mkononi. Meneja hawezi kumdhuru hata nzi."

"Ndiyo maana sikusema." Sauti ya wifi ilipanda kwa mara ya kwanza tangu aje. "Ningesema nini? Mgeni mwenye masanduku mawili na kikapu, niseme mpenzi wa mwenye nyumba ni mkorofi? Ungeniambia sungura wangu ndiye aliyeleta vita, mchukue uondoke naye. Niende wapi? Nilisema nitamtibu kimyakimya mpaka wazoeane. Hawakuzoeana."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, Bi Pekua alitaka kusema, lakini lililomtoka ni jingine. "Machozi si..." alianza, kisha akaona kwamba mwenzake hakuwa na machozi. Alikuwa amekasirika, na alikuwa akimtazama yeye, wala si chupa, wala si kitambaa.

"Kaa hapa," wifi alisema, akimsogezea kigoda. "Usiniamini mimi. Tazama tu, kama ulivyokuwa ukitazama getini."

Alimweka Johari chini. Johari hakwenda penye chakula. Alijibana ukutani, masikio chini. Viraka alimpita bila habari. Pamba alikuwa na shughuli zake konani. Meneja alikuwa amejinyoosha juu ya nyasi, macho nusu wazi, mnene, mpole, kama sungura wa kwenye kalenda. Wakakaa. Bi Pekua alianza kuona faraja. Kisha Johari akathubutu, akapiga hatua mbili kuelekea kwenye bakuli, na Meneja akainuka kama jiwe lililorushwa. Alimfukuza urefu wote wa banda, akambana kwenye kona, akamrukia mgongoni, akazamisha meno. Johari alitoa mlio ambao Bi Pekua hakujua kama sungura wanao.

Alimnyakua Meneja kwa mikono miwili, akakwaruzwa mpaka kwenye kiwiko. Kwa kitambo kidogo, hata hapo, akili yake ilijiuliza kama mtu anaweza kumfundisha sungura kuuma. Akaliona wazo lenyewe lilivyo, likiwa limesimama peke yake bila hata fimbo ya kuegemea, akalionea haya.

"Leta kile kikapu chako," alimwambia wifi.

Daktari wa mifugo alikuwa dada kijana mwenye gumboti, aliyekula kipande cha karoti cha wagonjwa wake kabla ya kuanza kazi. Alimwangalia Johari, akampiga sindano, akasema sikio litapona ila litabaki na pengo. Alimgeuza Pamba, waliyemleta pamoja na Johari, akampapasa tumbo.

"Huyu hajanyonyolewa na mtu. Amejinyonyoa mwenyewe."

"Mwenyewe?" wanawake wote wawili walisema.

"Mimba ya uongo. Yule mkubwa akianza ubabe wa kuwapanda wenzake, mwili wa huyu unadanganyika kwamba ana watoto. Basi anang'oa manyoya ya kifua atandike kiota. Mkiangalia konani mtakikuta." Alimrudisha Pamba kikapuni. "Sasa niambieni. Huyu mgeni mliwakutanishaje na wenyeji?"

Paka wa mteja mwingine alilia kwenye kijumba chake.

"Nilimtia tu," Bi Pekua alisema.

"Tulimtia," wifi akasema. "Siku ileile."

Bi Pekua alimtazama pembeni. Hakuelewa kwa nini mtu abebe kosa lisilo lake bila kupata kitu. Alilichunguza neno lile njia nzima ya kurudi, mbele na nyuma, kama noti anayoishuku, na hakuona kasoro.

Daktari alikuwa amewaeleza la kufanya. Sungura wana wenyewe na wageni. Mgeni akitiwa ghafla kwenye uwanja wa wenyewe, wenyewe watapigana. Watenganishwe kwa wavu wapate kunusana bila kuumana. Wabadilishane nyasi, kila upande uzoee harufu ya mwenzake. Kisha wakutane mahali ambapo si pa yeyote. Mabakuli yawe kadhaa, na masanduku ya kujificha yawe na milango miwili, ili anayefukuzwa asijikute amenaswa. Na Meneja na Pamba wafungwe kizazi, ukali na zile ndoto za uzazi vipungue.

Mahali pasipokuwa pa yeyote palikuwa bafuni. Wakati ulipofika walitandika taulo kuukuu sakafuni, wakawatia sungura wawili wawili, wao wenyewe wakakaa mlangoni, mmoja na ufagio wa kuamulia, mwingine na kipande cha karoti. Mwanzoni Bi Pekua alishika ufagio kwa sababu hakumwamini wifi kwamba angemwamulia Meneja kwa haki. Baadaye wifi aliomba zamu, naye akampa, lakini akaendelea kumtazama mkono.

Katika kukaa huko wakaongea, maana bafuni hakuna kwingine pa kuangalia. Wifi alieleza kwamba Johari alikuwa zawadi ya mteja aliyeshindwa kumlipa, na kwamba alimchukua kwa hasira, akamzoea kwa upweke. Bi Pekua akauliza jambo lililomkaa kooni kutoka ujanani.

"Kwa nini ulisema vile? Kwamba nitampekua kaka yako mpaka moyoni?"

Wifi aliusimamisha ufagio. "Nilisema hivyo?"

"Mbele ya watu."

"Mm." Aliwaza. "Alikuwa akificha vitu, kaka yangu. Alipoumwa alificha, alipofukuzwa kazi alificha. Nilifurahi amepata mtu wa kumpekua. Watu walicheka, nikaona nimeharibu, nikanyamaza."

Bi Pekua alilipima jibu. Huenda ni kweli, huenda ni maneno yaliyotengenezwa papo hapo, na aliyeweza kushuhudia alikuwa kaburini. Usiku hakulala vizuri. Lakini mumewe alikuwa mficha mambo kweli. Hilo hakuna mtu aliyelijua ila wao wawili.

Mambo hayakutengemaa yote. Viraka alimkubali Johari bila makuu. Pamba, baada ya kupona, alimfuata Johari kila alipokwenda, mpaka wakawa wanalala kidevu juu ya mgongo. Meneja hakukubali. Walimjaribu bafuni, walimjaribu ukumbini, walimjaribu baada ya upasuaji. Alipungua ukali kwa wote, lakini akimwona Johari, mguu ulipiga chini. Mwishowe seremala akaja tena, akaligawa banda kwa wavu katikati. Upande mmoja akakaa Meneja na Viraka, upande wa pili Pamba na Johari. Bi Pekua aliumia siku ile kuliko alivyoonyesha. Alisimama kwa Meneja muda mrefu, akimkuna kati ya masikio, naye Meneja akafumba macho kwa raha, mpole kama zamani.

"Mnafiki wee," alimwambia, na hakuacha kumkuna.

Mvua zilipoisha binti alikuja kutembea na mumewe. Walikuwa wamehamia nyumba kubwa zaidi. Baada ya chakula, binti alifuta mikono akasema, "Shangazi, sasa tuna chumba. Tumekuja kukuchukua. Mama umemvumilia vya kutosha."

Wifi alianza kukusanya sahani, ingawa hakuna aliyekuwa amemaliza. Hakumtazama mtu. "Kama mama yako anaona hivyo," alisema.

Bi Pekua alimfuata wifi kwa macho. Kichwani alikuwa akipitia kila alichojua juu ya mwanamke yule, na alichojua kilikuwa kichache kuliko alivyodhani, na kingine bado hakukiamini.

"Haendi," alisema.

"Mama?"

"Meneja anakatwa kucha kila mara, na mimi peke yangu siwezi kumshika. Anarusha mateke. Nani atanishikia? Wewe?"

Binti akamtazama mumewe. Wifi alisimama na sahani mkononi. "Ni kwa ajili ya kucha tu?" aliuliza.

Bi Pekua alimkazia macho, akitafuta kilichofichwa nyuma ya swali hilo. Alitafuta kwa muda. Wifi alimwacha atafute, hakukwepa.

"Weka sahani chini," Bi Pekua alisema, akiinuka kwenda kuchukua mkasi. "Na leo wewe ndiye utakayeshika miguu ya nyuma."